Kadi ya Fundi wa Mizani

Jumatatu, 2 Juni 1975

Kadi kumi na saba za maneno mapya leo. Feni ya ofisini imekufa tena. Chai bila sukari, siku ya tatu mfululizo.

Tumefika sura ya nne ya kitabu cha mafunzo ya askari wa kutuliza ghasia. Kinatakiwa kiwe Kiswahili chote kabla mwezi haujaisha. Askari vijana hawakielewi cha Kiingereza, na wakubwa wanaona aibu kuwafundishia kwa lugha ya waliotutawala. Sura ya nne ni marungu, mabomu ya machozi, maji ya kurushwa kwa presha, risasi za mpira. Kiingereza kina neno moja linalovikusanya vyote: 'non-lethal weapons'. Nililitafsiri kabla chai haijapoa. Silaha zisizoua. Maneno mawili, mepesi, hata asiyesoma anaelewa. Ndugu Lameck, mkuu wa kitengo chetu cha tafsiri, alilisoma kwa sauti mara mbili, akasema limekaa. Huyo si mtu wa kusifu.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nikakatiza Mnazi Mmoja, wala sikuhisi viatu.

Jumatano, 4 Juni

Edna amelipinga neno langu.

Edna ni yule binti wa Songea aliyeletwa kwetu Machi moja kwa moja kutoka chuo kikuu. Ana miaka ishirini na minne. Mimi nina thelathini na sita, na kumi na mmoja kati ya hiyo nimekikalia kiti hikihiki. Anasema tafsiri yangu haina kosa, kosa liko kwenye neno la Kiingereza lenyewe. Limetungwa kumtuliza anayeshika silaha, si anayepigwa nayo. Akafungua kitabu, sura ileile, ukurasa unaofuata, akatusomea onyo: askari asipige risasi ya mpira kwa karibu, asilenge kichwa wala kifua, bomu la machozi lisirushwe kumwelekea mtu. Kisha akauliza, kwa upole wake ule unaoniudhi, kama haziui, maonyo haya ni ya nini. Yeye anataka tuseme silaha za kutawanyia watu. Jina liseme kazi ya kitu, lisitoe ahadi.

Mbaya ni kwamba ana hoja. Nimeijua palepale, na ndiyo maana nimechukia.

Ndugu Lameck akasema tufuate utaratibu. Neno likipingwa, mpingaji anaingia mitaani, anawauliza watu wa kawaida neno hilo linawaletea picha gani, anaandika wanayosema kwenye kadi. Kadi tatu, mashahidi watatu. Jina la shahidi haliandikwi, ni kazi yake, umri na mtaa tu, na chini sahihi au dole gumba. Kadi zinaletwa kwa mtunza kadi, naye anazipeleka kamatini. Zikiwa pungufu, neno la kwanza linapita. Kamati inakaa tarehe kumi na nane.

Mtunza kadi ni mimi.

Jumapili, 8 Juni

Edna amekuja nyumbani. Ametoka kanisani na gauni lake la maua, ameshika kitambaa mkononi, eti alikuwa anapita. Nani anapita Mtaa wa Sikukuu akielekea kwake Ilala?

Nilikuwa uani nasonga ugali wa huu unga wa njano. Nilimsikia tangu mlangoni, "Shikamoo baba," na Baba akaitikia marahaba ile ndefu ambayo mimi sijaisikia tangu Mama afe. Baba hukaa barazani na mizani zake. Wauza nyama na wauza mchele wa soko zima wanamletea, anazifungua, anasafisha kutu, anachonga upya mawe ya kupimia. Ana jicho moja tu. La kushoto lilipotea kabla sijaanza shule, kipande cha chuma kilimrukia karakana. Ndivyo tulivyoambiwa. Kwa jicho hilo moja anaona mzani ukikosea kwa uzito wa punje.

Nimetoka na sahani, nimemkuta Edna amekalia kigoda changu, anashika mzani huku Baba akimwonyesha namna ya kuutuliza. Mimi hajawahi kunionyesha. Miaka yote hii nikikaribia huniambia nitachafua nguo.

Amekula kwetu. Amesifia mlenda.

Alhamisi, 12 Juni

Edna ana kadi moja. Muuza ndizi, miaka 40, Mtaa wa Msimbazi. Amesema silaha isiyoua ni fimbo ya mwalimu, na hata hiyo inategemea mwalimu. Ndugu Lameck alicheka. Nikaiweka kwenye faili nikijidai sijasikia.

Jioni nimemkuta tena barazani. Baba alikuwa anaongea. Nasema anaongea, kwa sababu Baba haongei. Hutoa maneno mawili asubuhi na matatu jioni, na moja kati ya hayo ni chumvi. Waliponiona wakanyamaza. Edna akafunga daftari, akaaga, akaondoka na ile sauti yake ya "Haya, dada Mwajuma, kesho."

Nimemuuliza Baba walikuwa wanaongea nini. "Mizani."

Nina wivu. Naandika hivyo kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka. Nina wivu na binti wa watu kwa sababu ya baba yangu mwenyewe, mzee wa miaka hamsini na nane mwenye jicho moja na fulana yenye matobo. Mwanamke mzima, nilikwisha kuolewa na kuachika. Aibu tupu.

Ijumaa, 13 Juni

Kadi ya pili. Mchuuzi wa samaki, miaka 33, Magogoni. Sikuisoma mpaka mwisho.

Baba ameniuliza kama Edna atakuja Jumapili. Nimesema sijui. Ameniambia nimnunulie samaki mzuri endapo atakuja. Mimi nikitaka samaki mzuri naambiwa dagaa wana nguvu.

Jumatatu, 16 Juni

Alikuja jana. Nilitoka makusudi, nikaenda Mchikichini kwa shoga yangu, nikashinda huko nikimsema. Niliporudi alikwisha kuondoka. Baba alikuwa amekaa tu, mzani mbele yake umefunguliwa na hajaugusa. Jicho lake zima lilikuwa jekundu. Nikadhani ni vumbi la soko jipya wanalojenga. Sikumuuliza. Nilikuwa na hasira, nikaosha vyombo kwa kelele.

Leo saa nne Edna ameweka kadi ya tatu kwenye sinia langu, akaondoka. Nimeiona kazi kwanza. Fundi wa mizani, miaka 58, Mtaa wa Sikukuu. Chini, sahihi ya Baba, ile anayoichora polepole kama anayepima.

Nimeisoma mara moja. Naiandika hapa yote:

"Nilikuwa kibarua bandarini enzi za mkoloni. Tulikusanyika kudai haki yetu. Tuliambiwa askari hawatatumia bunduki, watatumia moshi tu, moshi hauui. Walipiga mikebe ya moshi kwa bunduki, usawa wa watu. Nilikuwa nimeshikana mkono na mwenzangu ili tusipotezane. Mkebe ulimpiga kifuani. Wa pili ukanipiga mimi jichoni. Niliuachia mkono wake nikakimbia. Alikufa asubuhi yake. Nilimwambia mke wangu, watu wengine niliwaambia ni chuma cha karakana. Anayeziita silaha zisizoua hajawahi kushika mkono wa mtu siku hiyo."

Miaka thelathini na sita namjua mtu huyu. Nimempikia, nimemfulia, nimemuuguza malaria. Amemwambia Edna.

Jumanne, 17 Juni

Kadi iko kwenye mkoba wangu. Sijui niliitia saa ngapi. Uongo, najua. Ilikuwa saa sita kasoro, wote walipokwenda kula.

Nimepekua kanuni zote nikitafuta inayokataza baba wa mfanyakazi kuwa shahidi. Hakuna. Nimejiambia naficha aibu ya Baba, asisomwe mbele ya kamati kama mtu aliyemkimbia mwenzake. Inapendeza hiyo sababu. Ningekuwa nimeitia mkobani kwa sababu hiyo ningelala vizuri.

Naficha kwa sababu hiyo kadi ni yangu. Ilikuwa iwe yangu.

Jumatano, 18 Juni

Kamati imekaa. Watu saba na jagi la maji. Tulipofika sura ya nne Ndugu Lameck, mwenyekiti wake, akaniomba kadi za Edna. Nikatoa mbili. Akauliza ya tatu. Nikasema, na naandika maneno yangu kama yalivyonitoka: "Kwangu zimefika mbili, Ndugu Mwenyekiti."

Edna alinitazama. Hakupandisha sauti. Akasema aliiweka kwenye sinia Jumatatu. Wakatafuta, mezani, chini ya meza, kwenye faili la sura ya tatu. Mimi nami nikatafuta. Nikapiga magoti sakafuni nikitafuta kitu kilichokuwa mkobani mwangu hatua tatu kutoka hapo. Edna akaomba aieleze kwa mdomo, wakamwambia bila sahihi ni maneno yake. Akaomba siku moja amrudie shahidi. Mjumbe mmoja akasema kiwanda cha chapa hakisubiri mtu.

Silaha zisizoua limepita. Ndugu Lameck akanipa mkono.

Mchana sikula.

Alhamisi, 19 Juni

Edna hajaja kazini. Wamesema anaumwa kichwa.

Taipureta ya mapokezi inapiga sura ya nne upya. Nasikia neno langu likipigwa, kila mara nalijua kwa urefu wake. Liko mara ishirini na kitu katika sura hiyo. Nimewaza kijana wa depo ya polisi amekaa darasani na kalamu, analinakili. Siku moja anapewa bunduki ya mikebe, anasimama mbele ya watu. Anapiga usawa wa kifua bila kuwaza mara mbili, kwa sababu kitabu kimemwambia haiui. Kitabu nimemwandikia mimi.

Nilitaka nijisikie mshindi. Najisikia mchafu.

Jumamosi, 21 Juni

Nusu siku kazini. Mswada unakwenda kiwandani Jumatatu mchana.

Alasiri nilikaa barazani nikichambua mchele. Baba anachonga jiwe la ratili. Bila kuinua uso akaniuliza ile kadi ya Edna ilifika. Vidole vyangu vikasimama. Nikasema ilifika. Akauliza nimeisoma. Nikasema nimeisoma.

Alichonga kwa muda. Halafu akasema, "Kwako nisingeweza, mwanangu. Wewe ndiye uliyesema kadi zote zinapita mezani kwako. Nikajua itafika."

Nilikuwa nimemweleza utaratibu wetu mara mia wakati wa kula, nikidhani hasikilizi. Sisi hatuambiani mambo mazito ana kwa ana, mzazi na mtoto wake, na la aibu ndiyo kabisa. Huchaguliwa mtu wa pembeni, akalibeba. Nilipoachwa, nilimtuma shangazi aje amweleze Baba, nami nikasubiri jikoni nikisikiliza. Naye Baba akamtafuta wa kumbebea lake. Akampata binti wa kuja, mpole, asiyekuwa na ndugu mtaani wa kumpelekea umbea, na anayeandika kila kitu kama kilivyosemwa. Alimlisha samaki, alimfundisha mzani, akampima kama anavyopima kila kitu, akaona anafaa kutumwa.

Kwangu. Alitumwa kwangu. Na mimi nikamvizia mjumbe njiani nikamnyang'anya barua yangu mwenyewe.

Baba akauliza kamati imechagua jina gani. Nikasema kitabu bado. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akaendelea na jiwe lake.

Jumatatu, 23 Juni

Saa moja na nusu nilikuwa mlangoni kwa Ndugu Lameck kabla hajafika. Nimeweka kadi juu ya meza yake. Nimesema niliificha. Nimesema shahidi ni baba yangu, ila hiyo si sababu.

Aliisoma akiwa amesimama. Akakaa, akaisoma tena. Nilitegemea anikaripie, nilikuwa nimejiandaa hata na machozi. Hakunikaripia. Aliinua simu, akaomba kiwandani sura ya nne isubiri wiki moja, akasema kosa ni la ofisi. Kisha akaniambia kuanzia leo kadi zitatunzwa na mtu mwingine, na barua ya onyo itanifikia. Nikasema sawa. Akasema ningeweza kuwa mhariri mkuu mwakani. Hilo hakuwa na haja ya kulisema, lakini amelisema, na nadhani alikusudia liniume. Limeniuma.

Edna nilimkuta kwenye kabati la faili. Nimemwambia. Nilidhani atalia au atanitukana, nikaona bora anitukane. Amesema tu, taratibu, "Ungeniambia ni ya baba yako na hutaki isomwe, dada Mwajuma, ningeiondoa mwenyewe."

Angeiondoa. Namwamini. Huyu mtoto ananishinda hata kwa wema, na hata leo, siku ya toba yangu, nimemwonea wivu kwa hilo.

Ijumaa, 27 Juni

Kamati imekaa upya. Kadi tatu zimesomwa. Ya tatu ilisomwa na Ndugu Lameck mwenyewe, na alipofika pale pa kuuachia mkono alitua kidogo, akanywa maji. Yule mjumbe aliyesema kiwanda hakisubiri alikuwa anatazama dirishani.

Silaha za kutawanyia watu. Limepita bila kupigiwa kura. Wameongeza na sentensi mwanzoni mwa sura, kwamba kila silaha iliyotajwa humu imewahi kuua na inaweza kuua. Sentensi hiyo wamenipa mimi niitunge, nadhani kwa huruma. Nimeiandika mara tisa. Ni fupi.

Kadi mpya anazitunza Edna. Sinia langu wamelihamishia mezani kwake, pamoja na kikombe cha pini.

Jumapili, 6 Julai

Mtaa una kelele, watu wanapaka chokaa kuta kwa ajili ya sherehe ya kesho. Edna hakuja. Hajaja tangu nilipomweleza, na Baba ameuliza mara moja tu, halafu akaacha. Nadhani ameelewa. Yeye huwa anaelewa, tatizo ni kwamba hasemi.

Baada ya adhuhuri nimemwambia jina walilolichagua. Nimemweleza na nilichofanya, mimi mwenyewe, ana kwa ana, bila shangazi. Alinisikiliza huku ameshika sahani ya mzani mapajani. Nilipomaliza akaanza kuifuta sahani kwa tambara, nikafikiri ameamua kutonisemesha tena. Nikasimama nikaingie ndani.

Akaniambia nikae.

Kisha akanitajia jina la yule mwenzake. Akasema alikuwa Mmakonde, mrefu, mcheshi, akipenda kuimba akipakua mizigo, na kwamba mkono wake ulikuwa na kovu la kamba hapa, akaushika wangu akanionyesha mahali. Akasema hajalitaja jina hilo tangu Mama afe. Edna alimwomba, naye akamjibu amelisahau.

Alinishika mkono muda mrefu. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya mizani, vikanichafua kanga, nikaviacha.

Jina hilo Edna hanalo, wala haliko kwenye kadi. Najua lingestahili kuandikwa mahali. Silitoi. Hata hapa siliandiki.